Nywele fupi za Cicely Tyson

Najua nimepotea, kazi zimenibana. Leo naandika kuhusu nywele, na kina kaka msikimbie.

Jumatano niliitwa kwenye usaili wa kusoma habari katika televisheni moja hapa Dar (jina nalihifadhi). Nikasoma, sikukwama hata neno. Bosi mmoja akanitazama kichwani, akasema: "Sauti unayo dada. Ila hizo nywele... tafuta wigi, urudi Jumatatu." Nywele zangu fupi, hazina dawa. Nikaitikia "sawa bosi", nikashuka ngazi.

Usiku nikamkuta kaka anaangalia Roots, ile ya mwaka 1977. Akatokea Binta, mama yake Kunta Kinte. Mwigizaji ni Cicely Tyson. Nikaacha kula, nikaanza kumsoma.

Kazaliwa New York mwaka 1924, wazazi wametoka kisiwa cha Nevis. Alikuwa anapiga taipu ofisini, kisha akaingia kwenye uanamitindo, picha zake zikafika mpaka Vogue. Alipogeukia uigizaji, mama yake, mtu wa kanisa hasa, akamfukuza nyumbani!

Mwaka 1963 akapata nafasi kwenye tamthilia ya CBS, East Side/West Side, akiigiza sekretari. Akasimama mbele ya kamera na nywele zake fupi kama alivyozaliwa nazo. Jamani, 1963! Enzi hizo mwanamke mweusi kwenye televisheni ya Marekani ni nadra, na ukimwona mara nyingi ni mtumishi wa ndani. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba wasusi walilalamika anawaharibia biashara, maana wateja walianza kumuiga. Tamthilia yenyewe ilidumu msimu mmoja tu.

Baadaye alikuwa anakataa kazi zinazomdhalilisha mtu mweusi, hata kama kukataa ni kukaa bila kipato. Hapo ndipo ninapokwama mimi. Ni rahisi kumpigia makofi leo, tukijua kwamba mwaka 1974 aliigiza Jane Pittman, mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi hadi miaka 110, akabeba Emmy mbili. Yeye wakati anakataa hakujua kama itakuja.

Halafu kuna hili: kwa miaka mingi aliwadanganya watu umri wake. Meneja wake alimshauri apunguze miaka kumi, akakubali. Kwa hiyo si kila kitu alikigomea. Kusema kweli, hilo limenifariji kuliko Emmy zote. Ukweli aliuweka kwenye kitabu cha maisha yake, kilichotoka Januari 2021, siku mbili kabla hajafariki akiwa na miaka 96.

Wigi nimeazima kwa shoga yangu, liko kwenye mfuko nyuma ya mlango. Leo Jumamosi. Kodi ya nyumba inaisha mwezi huu, na kila nikipita hapo mlangoni naugusa ule mfuko.