Nyota akihama timu, nani amemwacha nani?

Yapo maswali ambayo mtoto akikuuliza unaamini kabisa kwamba jibu unalo, hadi siku ulimwengu unapokuumbua. Mimi niliulizwa swali la aina hiyo Desemba 2024, nyumbani kwetu Kedowa. Nililijibu haraka, tena kwa sauti kubwa, na nimekuwa nikijuta tangu hapo.

Kwa wasiopajua, Kedowa ni kituo kidogo kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, ukishapita njia panda ya Londiani. Ni mahali pa baridi na ukungu, ambapo watu hupanda viazi na mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ukizidi kuteremka kuelekea Kericho ndipo unapolakiwa na majani chai, kijani kibichi hadi macho yachoke. Kila Krismasi mimi na jamaa yangu hufunga nyumba Nairobi tukaenda huko kuwaona wazee.

Aliyeniuliza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana umri wa miaka kumi na saba na urefu wa mkaratusi. Wenzake kijijini wanaota kuwa wanariadha, lakini yeye amerogwa na mpira wa vikapu. Nyuma ya fulana yake alikuwa amechora kwa kalamu nambari 77, jezi ya Luka Doncic, kijana wa Slovenia aliyekuwa akiichezea Dallas Mavericks huko Marekani.

"Mjomba," akaniuliza jioni moja tukiota moto jikoni, "Luka atamaliza uchezaji wake Dallas kama Nowitzki, ama naye atahama?"

"Hahami!" nikamjibu. Kisha nikamtolea hotuba. Nikamweleza jinsi Dirk Nowitzki, Mjerumani, alivyoichezea Dallas misimu 21, tangu 1998 hadi 2019, bila kuvaa jezi ya timu nyingine katika ligi hiyo. Nikamtajia Kobe Bryant, misimu 20 na Lakers, na Tim Duncan, misimu 19 na San Antonio Spurs na mataji matano. "Hao ndio wanaume," nikasema. "Wanaohamahama husahaulika. Mwacha asili ni mtumwa."

Mama yangu, aliyechuma chai kwa miaka mingi kabla ya magoti kukataa, aliangua kicheko. "Mimi kikapu changu nilikibeba mgongoni na kikajaa," akamwambia mjukuu wake. "Chako hakina hata kitako. Kitajaa lini?"

Sote tukacheka, isipokuwa baba. Yeye alikuwa akichokora makaa kimya kimya.

Sasa, msomaji, wacha nitubu. Hotuba ile haikumhusu Luka hata kidogo. Asubuhi ya siku hiyo mwalimu wa mpwa wangu alikuwa amenijia na ombi. Mwalimu huyu anafundisha hisabati katika shule ya kutwa ya pale karibu. Ndiye aliyemfunza kijana kudunda mpira. Alinunua mpira wa kwanza kwa mshahara wake, akamlipa fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni amtengenezee ringi, akaitundika juu ya mlingoti wa mkaratusi. Uwanja wenyewe ni udongo, na mvua ikinyesha mpira haudundi, unazama.

Basi shule moja kubwa ya bweni, katika kaunti nyingine, ilikuwa imemwona kijana mashindanoni. Ilikuwa tayari kumchukua akaingie kidato cha tatu bila kulipa karo, mradi awachezee. Mwalimu akaniomba: "Wewe ni mtu wa magazeti, atakusikiliza. Mwambie asituache. Nimemlea miaka miwili."

Nilimhurumia mwalimu, nami nikaamua kumfunga kijana kwa kamba ya Nowitzki. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nimeshafanyia kazi magazeti matatu tangu nitoke chuoni, na kwamba kila nilipohama nilifuata mshahara. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Kijana alisema atafikiria. Januari ilipofika, akarudi shuleni kwao. Mwalimu akanipigia simu kunishukuru.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025. Saa mbili na ushei asubuhi, nikifunga viatu niende kanisani, simu ikalia.

"Mjomba, wamemuuza!"

"Wamemuuza nani?"

"Luka! Dallas wamempeleka Lakers!"

Nilidhani ni porojo za mitandao. Haikuwa porojo. Usiku huo wa Marekani, Dallas walikuwa wamembadilisha Doncic na Anthony Davis wa Lakers, pamoja na mengine ya ziada. Luka alikuwa na miaka 25 tu. Miezi michache kabla, Juni 2024, alikuwa ameifikisha timu hiyo fainali. Hakuwa ameomba kuondoka. Kwa kawaida timu ya ligi hiyo inaweza kumpeleka mchezaji kokote bila kumtaka kauli, isipokuwa wale wachache wenye kifungu cha kuzuia jambo hilo katika mikataba yao. Mtu hulala akiwa wa mji huu, akaamka akiwa wa mji ule.

Mashabiki wa Dallas walifanya matanga. Walikusanyika mbele ya uwanja wao, penye sanamu ya Nowitzki iliyozinduliwa siku ya Krismasi 2022, sanamu yenye maandishi yanayosifu uaminifu, wakaweka maua na hata jeneza.

"Mjomba," kijana akaniambia kwenye simu, "wewe ulisema wanaohama ndio wabaya. Sasa hapa mbaya ni nani?"

Kanisani siku hiyo sikusikia mahubiri.

Nilianza kuyachunguza upya majina niliyoyatumia kumtisha mtoto. Kobe? Mwaka 2007 alisimama hadharani akadai ahamishwe. Nowitzki? Kabla hajacheza hata mechi moja katika ligi hiyo, alichaguliwa na Milwaukee na kupelekwa Dallas papo hapo. Doncic mwenyewe alichaguliwa na Atlanta mwaka 2018, akapelekwa Dallas usiku ule ule.

Na wale wakubwa ambao hawakumaliza walikoanzia? Hakeem Olajuwon, mwana wa Lagos, aliipa Houston mataji ya 1994 na 1995, kisha mwaka 2001 akapelekwa Toronto kumalizia huko. Michael Jordan mwenye mataji sita na Chicago alimalizia Washington mwaka 2003. Ni nani aliyewasahau? Hapana hata mmoja.

Wiki mbili baadaye nilisafiri hadi Kedowa kwa shughuli ya ukoo. Nikamweleza baba yote, pamoja na ombi la mwalimu. Mzee wangu alifanya kazi katika kampuni moja ya chai kwa miaka 29. Alianza akiwa kijana wa kupalilia na kumaliza akiwa msimamizi wa wachumaji. Sitaitaja kampuni hiyo. Alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi na sukari, mkate na karo yetu. Sisi watoto tulijua kampuni ile ni yetu, na tulijivunia lori lake likipita barabarani.

Kuanzia miaka ya 2000 mashine za kuchuma chai zilianza kuingia katika mashamba makubwa ya Kericho, na mashine moja ikawa inafanya kazi ya mikono mingi. Wachumaji walipopungua, wasimamizi nao wakapungua. Baba alipewa barua ya nusu ukurasa. Sikuwahi kumsikia akiizungumzia, hadi siku hiyo.

"Watu husema nilikuwa mwaminifu kwa kampuni," akaniambia. "Si kweli. Nilikaa kwa sababu yenu, mpate karo. Siku waliyoona sifai, hakuna aliyehesabu miaka yangu. Nawe sasa unataka kumfundisha mtoto uaminifu wa namna hiyo?"

Sikuwa na la kusema. Asante ya punda ni mateke, na baba yangu aliyapokea mateke hayo akanyamaza ili sisi tusione.

Lakini mzee hakuishia hapo. "Mwambie aende," akasema. "Ila asitoroke usiku kama mwizi wa kuku. Mwalimu aliyemtengenezea ile ringi si kampuni. Huyo ni mtu. Kampuni unaiandikia barua. Mtu unamwendea nyumbani kwake."

Msomaji, katika vitabu vyote nilivyofunzwa chuoni sijawahi kukutana na somo lililopita hilo.

Hapa Kenya swali hili lina sura nyingine. Timu zetu nyingi za vikapu zimekuwa za waajiri: Ulinzi ni ya jeshi, KPA ni ya bandari ya Mombasa, na benki nazo zina zao. Mchezaji wa timu ya namna hiyo huweza kudumu miaka na mikaka, nasi tukamsifu kwa mapenzi, kumbe anachokishikilia ni kazi na pensheni. Hakuna ubaya. Mwili wa mchezaji hauzeeki polepole kama wa karani. Goti likivunjika leo, kesho hana kazi.

Tena yuko Tylor Ongwae, aliyekwenda kucheza ng'ambo. Februari 2021 kule Yaounde, Kenya ikiwa nyuma dhidi ya Angola na saa ikiisha, alirusha mpira ukaingia, tukashinda 74 kwa 73. Ushindi huo ulisaidia kuirejesha Kenya katika kombe la mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Siku hiyo ni nani aliyeuliza Ongwae amechezea klabu ngapi? Tulipiga vigelegele tu. Baadaye akaja kuvaa jezi ya Nairobi City Thunder, ambayo mwaka 2025 ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki Ligi ya Vikapu ya Afrika.

Na jirani zetu wa Sudan Kusini wana Luol Deng. Alizaliwa Wau, akakimbia vita na jamaa yake hadi Misri, kisha Uingereza. Aliichezea Chicago Bulls kuanzia 2004. Januari 2014 wakamtoa, akazunguka timu nne nyingine. Lakini Oktoba 2019 alirudi Chicago kutia sahihi ili astaafu akiwa mchezaji wao. Kisha akaliongoza shirikisho la vikapu la nchi yake, na timu yao ikacheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Basi nikamtuma kijana kwa mwalimu. Alikwenda jioni peke yake, na chupa ya maziwa ya mursik aliyopewa na nyanyake. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba mwalimu hakufurahi, na sikumlaumu. Mwishowe aliomba jambo moja tu: michezo ya vikapu ya shule huchezwa muhula wa kwanza, basi kijana aimalize na wenzake. Kijana akakubali. Wakacheza, wakashinda mechi mbili tatu, kisha wakang'olewa na shule yenye uwanja wa saruji.

Tarehe 9 Aprili 2025 Luka alirudi Dallas akiwa na jezi ya Lakers. Walipomwonyesha filamu ya kumbukumbu zake, alilia machozi mbele ya umati, kisha akaingia uwanjani akafunga pointi 45. Mpwa wangu aliyatazama hayo kwenye simu mara nyingi. "Mjomba," akaniambia, "kumbe hata akihamishwa mtu bado hupenda alikotoka." Novemba mwaka huo meneja aliyempeleka Luka alifutwa kazi na Dallas. Naye pia timu ilimwacha.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, kijana alipanda matatu pale stejini na sanduku lake la bati. Mwalimu alikuja kumsindikiza. Alifika amechelewa kidogo, akamshika mkono, akarudi darasani.

Agosti nilipokwenda likizo niliikuta ringi ile ya Kedowa ina wavu mpya mweupe, ulionunuliwa kwa akiba ya pesa za matumizi. Kijana alikuwa akiwafunza wadogo, mwalimu akipuliza kipenga. Mama yangu aliutazama wavu ule kwa makini, akatingisha kichwa. "Bado hakina kitako," akasema.

Je, mpwa wangu atamaliza na timu moja? Sijui, na siku hizi siulizi. Na Luka je? Aulizwe mwenye timu kwanza.

Nawe msomaji, ikiwa una mtoto anayetaka kuhama, shule au kazi au timu, usimfunge kwa kamba ya uaminifu kabla hujamsaidia kutenganisha mambo mawili: ipi ni kampuni, na yupi ni mtu. Nawe mwanafunzi, ukipata nafasi nenda. Ila kabla ya kupanda gari, pitia kwanza kwa yule aliyekununulia mpira.