Upepo wa ziwa tusiloliona

Wandugu, wiki hii hatuandiki juu ya mgao wala juu ya foleni. Tunaandika juu ya upepo na samaki. Mfanyakazi mmoja wa misaada, mtu mwema, alitukuta chini ya mwembe tukibishana kuhusu upepo wa kusi, akauliza kwa nini vijana wa kambi isiyo na ziwa wanapoteza Jumamosi yao kwa mambo ya uvuvi. Tulimpa jibu fupi. Hili hapa ndilo refu.

Sisi ni vijana 11. Wengi wetu ni Wabembe wa Fizi, wawili ni Wafuliru wa upande wa Uvira, na mmoja ni Mrundi wa Rumonge. Tunaishi Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kivu Kusini. Baadhi yetu tumezaliwa humu humu. Wengine tuliletwa tukiwa watoto mgongoni mwa mama, ndani ya mutumbwi uliovuka Ziwa Tanganyika usiku. Baba zetu na babu zetu walikuwa wavuvi. Sisi wavu tunaujua kama kitu cha kufungia kuku. Kutoka kambini kunahitaji kibali, na hakuna kibali cha kwenda kutazama maji.

Hata majina yanatusumbua. Samaki mdogo anayeitwa ndagala kwetu na Burundi, hapa Tanzania ni dagaa. Mukeke wetu hapa ni mgebuka. Mwenzetu wa Rumonge alipomsikia muuzaji wa sokoni akitaja mgebuka alifikiri ni samaki mpya, akauliza bei, akacheka peke yake.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 1,470. Duniani ni Baikal tu inayolizidi kwa kina. Lakini samaki hawaishi katika kina chote hicho. Hewa ya kupumulia iko katika tabaka la juu tu, na chini ya hapo maji ni baridi, hayana hewa, samaki hawezi kukaa. Sasa ajabu ni hii: rutuba nyingi iko huko huko chini, kwa sababu kila kinachokufa juu huzama. Ni kama chungu cha uji ambao sukari yote imelala chini na hakuna mtu aliyekoroga. Mwiko wa kukoroga ni upepo.

Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kiangazi, kusi huvuma kwa nguvu kutoka kusini na kusini-mashariki. Husukuma maji ya juu, yale ya vuguvugu, kuelekea kaskazini. Huku mwisho wa kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi iliyoachwa, na hupanda pamoja na rutuba yake. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho huongezeka, wadudu wa maji huvila, ndagala hula wadudu, mukeke hufuata ndagala. Kisha kusi hupungua mnamo Septemba. Yale maji ya vuguvugu yaliyorundikwa kaskazini hurudi kusini, hupitiliza, hurudi tena. Ziwa zima hubembea kwa ndani, na bembea moja huchukua karibu wiki 3 hadi 4. Aliye juu ya mutumbwi hawezi kuliona jambo hili. Anachoona ni kwamba wiki hii kuna samaki na wiki ijayo hakuna.

Muzee mmoja wa kijiji cha jirani na Mboko, ambaye sasa anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu, hajawahi kusoma habari hizo popote. Tulipomsomea kwenye simu alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi wameandika yenye tulikuwa tunasema. Kusi ndiye anayelima ziwa. Wakati analima, usimusumbue. Akimaliza, ndiyo unaenda kuvuna." Tulimuuliza alijuaje kama kusi amemaliza. Alisema alikuwa anaangalia maji ya asubuhi: kama yamekuwa baridi mguuni kuliko jana, bila mvua kunyesha, anajua kuna kitu kimepanda kutoka chini, na jioni hiyo hakosi kuingia ziwani.

Tumesema kusi, lakini upepo wa ziwa si mmoja, na hapa ndipo tulipobishana siku ile chini ya mwembe. Kuna upepo wa msimu na kuna upepo wa kila siku. Usiku milima hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo hugeuka, hutoka ziwani kuja pwani. Kwetu Kongo milima imesimama karibu kabisa na maji, kwa hiyo ule upepo wa usiku husikika sana. Mvuvi wa Fizi aliondoka jioni, upepo ukimsindikiza mgongoni, na asubuhi upepo ukamrudisha nyumbani. Muzee anasema kijana aliyepiga kasia kwa nguvu wakati wa kuondoka alichekwa na wenzake. Nguvu ulitunza kwa ajili ya saa ambayo upepo haujaamua.

Na Baraka wana bahati yao. Mbele yao kuna rasi ya Ubwari, ndefu, imekaa kama mkono uliokunjwa, ndani yake ghuba ambayo ramani nyingi huiita Ghuba ya Burton. Kusi akikasirika, rasi inapokea mapigo. Watu wa Mboko hawana mkono kama huo, ndiyo maana, kwa maneno ya muzee wetu (ambaye ni wa upande huo na hafichi upendeleo wake), mvuvi wa Mboko ana akili kuliko wa Baraka. Wenzetu wa Baraka walikataa kabisa. Hatujapata mshindi.

Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Wadudu huifuata nuru, ndagala wanafuata wadudu, wavu unapandishwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, watu wanabaki nyumbani kushona nyavu. Upepo nao unaingia hapa kwa njia yake. Mawimbi yakianza kupiga, taa inayumba, nuru inavunjika vunjika juu ya maji, ndagala wanatawanyika. Hata kama mutumbwi hauko hatarini, kazi imekwisha. Mvuvi mzuri huona upepo kwanza katika ndagala, anasema muzee. Wakishuka chini ghafla bila sababu, inua kichwa utazame mbingu.

Tunajua kwa wengine haya ni stori za wazee. Kwetu si hivyo tu, na sababu ni mbili.

Ya kwanza: upepo huu huu ndio uliotuvusha. Mama wa mmoja wetu anakumbuka kwamba walikaa kwenye majani ya pwani siku mbili, risasi zikisikika mlimani, mwenye mutumbwi akikataa kuondoka. Watu walimtukana, wengine walimwita mwuaji. Yeye alikuwa anasikiliza kusi. Usiku wa tatu upepo wa mlimani ukashuka taratibu, akasema twende, na wakafika upande wa Kigoma wote wakiwa hai, mbuzi mmoja pia. Mutumbwi mwingine ulioondoka usiku wa kwanza haukusikika tena. Mama huyo hajui jina la yule mtu hadi leo. Kwa hiyo tunapouliza upepo ulivuma vipi, tunauliza pia kwa nini sisi tupo.

Ya pili ni mwenzetu aliyerudi. Hatutamtaja jina. Alichoka kambi, akarudi kwao pwani ya Fizi mwaka juzi, akapata kazi ya usiku kwenye mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu mkubwa katikati. Alizaliwa hapa Nyarugusu, alikuwa hajawahi kupanda hata ngalawa ya kuchezea. Mwenye mitumbwi alikuwa na sharti moja: mkirudi kabla ya alfajiri bila samaki, hakuna malipo, na mafuta mnalipa nyinyi. Usiku mmoja wa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, dhoruba ilishuka kutoka mlimani. Miti ikavunjika, mitumbwi ikaachana. Watu wawili hawakurudi. Yeye alikumbatia kibidoni cha mafuta mpaka kulipokucha.

Wiki mbili baadaye alitutumia sauti kwa WhatsApp. Hakuomba pesa. Alisema: "Wandugu, muniulizie muzee. Ile upepo ya baridi yenye inakujaka mbele ya mvua, inakupatia dakika ngapi?"

Tulienda kwa muzee na simu, tukamchezea sauti hiyo mara mbili. Alinyamaza muda. Kisha akajibu tukiwa tunarekodi: "Mwanangu, kusi anabisha hodi. Utamuona kwa mawimbi tangu mbali, utakuwa na nafasi ya kupanga. Huyu wa mvua habishi hodi. Ukiona wingu limekaa juu ya mlima kama kofia nyeusi na upepo wako wa kawaida umekufa kabisa, usingoje. Ile baridi ikishakugusa shingo, hakuna dakika za kuhesabu. Zima taa, pandisha wavu. Kama wavu ni mzito, kata."

Kata wavu. Hapo tuligawanyika. Baadhi yetu walisema muzee anaongea kama mtu ambaye alikuwa na wavu wake mwenyewe. Kijana wa kibarua akikata wavu wa mtu atalipa mwaka mzima, au atafukuzwa kijijini. Tulimrudia muzee na swali hilo. Alisema zamani kwenye mutumbwi kulikuwa na mtu mmoja mwenye neno la mwisho juu ya upepo, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mwenye mali. Mwenye mali alilala nyumbani kwake, mwenye neno alikuwa majini. Siku hizi mwenye mali ndiye mwenye neno, na yuko kwenye simu. Kwa maoni yetu hii ndiyo habari kubwa kuliko zote alizotupa.

Tunataka pia kusema kitu kuhusu njaa ya ziwa, kwa sababu mwenzetu anasema wavuvi wanakwenda mbali zaidi na kurudi na kidogo, na ndiyo maana wanakaidi upepo. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto na upepo umepungua, kwa hiyo ziwa halikorogwi kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea umeshuka kwa karibu asilimia 20, na hiyo ingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Tukiweka lugha ya muzee: mkulima amechoka. Wengine wanasema tatizo ni nyavu nyingi mno, na hilo nalo lina ukweli wake. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Muzee alipopiga hesabu ya tarehe alitabasamu. Ni miezi ya kusi.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: tunashukuru kwa mafunzo ya cherehani na sabuni, dada zetu wanayatumia. Lakini kila mtu anayerudi Fizi anarudi kwenye maji, na hatujawahi kuulizwa kama tunajua kuogelea. Hatujui, tisa kati yetu. Jaketi moja la kuokolea maisha ndani ya furushi la mtu anayerudi pwani lingekuwa na kazi kuliko daftari la tatu.

Kwa sasa tunarekodi. Tuna sauti 14 za wazee wanne, fupi fupi ili zisimalize bando, na mwenzetu wa Fizi anazisambaza kwa vijana anaofanya nao kazi. Amebadilisha mitumbwi. Huyu mwenye mali mpya hakati malipo mtu akirudi mapema, ila analipa kidogo. Wiki iliyopita alituma swali lingine, kuhusu mwezi mchanga, na wazee wawili wamempa majibu yanayopingana. Tumemtumia yote mawili.

Kosa letu lilionyeshwa na mama mmoja jirani, alipotusikia tukicheza zile sauti. "Munauliza wanaume tu juu ya upepo? Nani alikuwa anaanika?" Yeye alianika ndagala mchangani miaka 12 kabla ya kukimbia. Kusi wa kiangazi, anasema, anakausha mzigo mzima kwa siku moja, lakini akizidi anajaza mchanga ndani ya ndagala na mnunuzi anashusha bei. Upepo ukifa siku ya mawingu, mzigo unaoza mbele ya macho yako, na samaki wote wa usiku ule wanakuwa bure. Mume wake alijua upepo wa usiku. Wa mchana alimuuliza yeye.

Ametuambia twende kwake Jumamosi saa nane mchana, upepo ukiwa umeanza, kwa sababu hataki kueleza kwa mdomo tu. Atakuwa anapepeta mahindi. Tutabeba simu mbili, moja haikai na chaji.