Chanda Chema na Vidole Vingine

Fomu ya kumpendekeza mfanyakazi bora ina nafasi ya jina moja. Chini ya jina kuna cheo, chini ya cheo kuna cheki namba, kisha mistari kumi ya kueleza kwa nini huyu na si mwingine. Aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya umma Tanzania anaifahamu. Huanza kuzunguka maofisini wiki chache kabla ya Mei Mosi, ili siku hiyo, watu wakiwa wamevaa fulana na kofia za taasisi zao, kila idara iwe na mtu wake wa kuitwa mbele, kupewa cheti na bahasha, na kupigiwa makofi. Wahenga walishasema, chanda chema huvikwa pete.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa mkutubi msaidizi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja. Nilikuwa mdogo kuliko wote kwa umri na kwa cheo, kwa hiyo kazi ya kuandika ikaniangukia mimi. Shida ni kwamba jambo zuri lililotokea maktabani mwaka ule halikufanywa na mtu mmoja.

Kama umesoma chuo, hali hii unaijua. Unatafuta kitabu kwenye kompyuta, kompyuta inasema kipo. Unaandika namba yake kwenye kiganja, unapanda ngazi, unafika kwenye rafu, hakipo. Unarudi kaunta, dada wa kaunta anatazama kompyuta yake, naye anasema kipo. Unaondoka mikono mitupu, na jioni unawaambia wenzako hosteli kwamba maktaba yetu haina vitabu.

Vitabu vilikuwepo. Kikirejeshwa kaunta, kompyuta hukihesabu kuwa kipo papo hapo, lakini miguu ya kukirudisha rafuni haikuwa na kasi hiyo. Kilikaa kwenye toroli. Toroli likijaa lilisukumwa hadi chumba cha nyuma, na huko kikachanganyika na vilivyochanika mgongo na vilivyobanduka vibandiko vya namba. Kitabu kiliweza kukaa wiki nzima kikihesabiwa kuwa kipo, na hakuna msomaji aliyeweza kukigusa. Mitihani ikikaribia, mambo yalizidi, maana wanafunzi nao wana mbinu zao. Ukiona nakala ni mbili na darasa lina watu mia tatu, unaificha moja. Kitabu cha sheria kinakwenda kulala kwenye PL 8704, mahali pa fasihi ya Kiswahili, katikati ya riwaya na diwani, na anayejua siri hiyo ni wewe na Mungu wako.

Na mama wa usafi. Huyu nitamrudia.

Mabadiliko hayakuanza kwa semina wala mpango mkakati. Dada wa kaunta alichoka kutukanwa. Akachukua daftari, akawa anaandika kila kitabu ambacho mwanafunzi amekikosa ilhali kompyuta inasema kipo. Vijana wawili wanaopanga rafu wakaanza kila asubuhi na orodha hiyo kabla ya kazi nyingine, na wakawekeana sharti kwamba toroli lisilale limejaa. Mzee wa kujalidi, ambaye miaka yote alisubiri vitabu vifike rundo ndipo awashe jiko la gundi, akaanza kuvitenga: vyenye jeraha dogo vishonwe siku hiyo hiyo, vyenye ugonjwa mkubwa vingoje. Kijana wa kompyuta akabadilisha mpangilio wa programu, ili kitabu kilichorejeshwa kionekane kwamba kiko njiani kurudi rafuni, badala ya kumpandisha mtu ngazi bure.

Mama wa usafi alikuwa akifika kabla hakujapambazuka. Alipangusa vumbi rafu kwa rafu, na mikono yake iliijua maktaba kuliko katalogi. Aliniambia siku moja kwamba kitabu kilichofichwa hakikai kama wenzake. Kimesukumwa kwa haraka, kwa hiyo kimezama nyuma, au kimelazwa juu ya wengine. Akikiona, alikitoa na kukiweka juu ya kiti mwisho wa safu. Vijana wa rafu walipofika saa mbili walikuta viti vimekalia vitabu. Hakuna aliyemwagiza.

Mwisho wa muhula ushahidi wetu ulikuwa lile daftari. Ukurasa uliokuwa ukijaa kwa siku mbili ulichukua wiki mbili kujaa.

Basi tukakaa kikao. Mmoja alimpendekeza dada wa kaunta, kwa kuwa ndiye wanayemwona wanafunzi. Akakataa. "Mimi nimeandika daftari," alisema. "Daftari halipandi ngazi." Mwingine akasema tumpe mzee wa kujalidi, anakaribia kustaafu. Mzee akajibu kwamba yeye pete yake alishavikwa zamani, alipewa redio, na redio ilishakufa. Kisha akaongeza kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Aliyekuwa ameshika methali ya chanda na pete akaitoa tena, watu wakacheka. Tulikuwa na methali mbili za vidole mezani, zote za kweli, na fomu yenye nafasi ya kidole kimoja.

Nilikuwa nimemsoma Ranganathan darasani. Alikuwa mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, na mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano za ukutubi ambazo hadi leo hufundishwa vyuoni. Kanuni ya nne inahusu kuokoa muda wa msomaji. Mtihani nilijibu vizuri, lakini uzito wa kanuni hiyo niliuona pale kikaoni. Muda uliookolewa hauonekani. Mwanafunzi aliyekipata kitabu chake kwa dakika tatu hajui kwamba palikuwa na uwezekano wa kukikosa. Anashuka ngazi, anaazima, anaondoka. Hana sababu ya kumshukuru mtu. Anayeonekana maktabani ni yule aliye kaunta, na huyo huonekana zaidi siku mambo yanapoharibika. Ukitafuta mfanyakazi bora kwa kuangalia nani anaonekana, kazi yenyewe itakupita pembeni.

Hata hivyo, kuipa zawadi timu si jibu jepesi. Kijana mmoja wa rafu alinikuta nikiandika rasimu, akasoma, akanyamaza. Nilikuwa nimeandika kwamba kitengo chetu kilionyesha ushirikiano, kujituma na ubunifu. Akaniuliza, "Sasa hapa mimi niko wapi?" Alisema bahasha ikigawanywa itakuwa nauli, hilo halimsumbui. Alichotaka ni paandikwe alichofanya. Nilimwelewa. Bosi anaposema "wote mmefanya vizuri," kila mmoja hutazama kushoto na kulia kutafuta anayeambiwa. Sifa ya jumla ina adabu, lakini haina anwani.

Nikaandika upya ukurasa mzima, mistari kumi ya fomu nikaiacha tupu na kuandika "tazama kiambatisho." Kila mtu nikampa sentensi yake yenye kitendo ndani yake: aliandika, alitenga, alishona, alibadilisha, alitoa na kuweka kitini. Maneno kama kujituma niliyafuta yote.

Fomu ilirudi baada ya wiki. Utawala ulikubali majina matano. La sita, la mama wa usafi, lilikatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa kwamba huyu si mtumishi wetu. Kwa makaratasi walikuwa sahihi. Yeye aliajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi. Hakuwa na cheki namba. Alikuwa amefanya kazi katika jengo lile miaka mingi kuliko mimi, na katika jengo lile hakuwa mfanyakazi.

Programu tunayotumia maktabani inaitwa Koha. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bure. Jina lake ni la Kimaori, na maana yake ni zawadi, hasa ile inayowafunga pamoja mtoaji na mpokeaji, kama tunavyopelekeana sahani za chakula majirani: sahani hairudi tupu. Nilikuwa nikiliona neno hilo kwenye skrini kila asubuhi. Baada ya ile kalamu nyekundu nikaanza kuiuliza maktaba yetu ni sahani ngapi imepokea kwa watu isiowahesabu, na imerudisha nini.

Mei Mosi ilipofika, cheti kilikuwa kimoja, kimeandikwa jina la kitengo. Kilitundikwa nyuma ya kaunta. Bahasha waligawana sita, si watano, na kweli ikawa nauli. Mkutubi mkuu, ambaye hakuweza kubadili uamuzi wa utawala, alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake. Alichukua ule ukurasa wangu ukiwa na majina yote sita, akausaini, akaugonga mhuri wa maktaba. Mzee wa kujalidi akatoa nakala sita, akazitia jalada gumu la bluu, nyembamba kama daftari la shule ya msingi.

Nilidhani hapo ndipo yaliishia. Miezi kadhaa baadaye zabuni ya usafi ilitangazwa upya na kampuni nyingine ikashinda. Wafagiaji wote waliambiwa waombe kazi upya, kila mtu na barua yake ya uzoefu. Kampuni ya zamani haikuwa imewapa barua yoyote. Mama alikuja mezani kwangu na lile jalada la bluu ndani ya mfuko wa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii niliyopewa ina mhuri. Itafaa?"

Nikasema itafaa. Akaifungua na kuniomba nimsomee palipo na jina lake. Nilisoma kwamba hufika alfajiri, hukagua rafu zote, hutoa vitabu vilivyofichwa na kuviweka mahali vijana watakapoviona. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye mstari.

"Alfajiri ya saa ngapi? Hawa wageni hawanijui. Andika saa kumi na moja."

Nikaichapa tena, mkutubi mkuu akagonga mhuri mpya, mzee wa kujalidi akabadilisha karatasi ndani ya jalada. Aliajiriwa. Cheti cha kitengo bado kipo ukutani nyuma ya kaunta, wanafunzi wanasimama chini yake wakisubiri zamu. Nakala ya bluu anayo yeye nyumbani, na ndani yake imeandikwa saa kumi na moja.