Gego la Mwisho, Kati ya Brussels na Muhumba

Mjini Brussels, upasuaji wa gego la mwisho huanza na karatasi. Kabla daktari hajakuambia ufungue kinywa, unapewa fomu yenye maswali mengi: unakunywa dawa gani, umewahi kutokwa damu isiyokoma, ini lako likoje, una presha, una mimba, unavuta sigara, unakunywa pombe kiasi gani. Hata chai za majani na vidonge vya mafuta ya samaki vinaulizwa. Wengi wetu tuliotoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, huijaza harakaharaka, tukiiona kama urasimu tu. Mimi naamini karatasi ile hulinda uso wa mgonjwa dhidi ya uvimbe na damu kuvilia kuliko barafu na kuliko dawa yoyote ya kupaka, na kwamba kazi yake inaweza kufanyika Bukavu, katika mtaa wa Muhumba, bila mashine kubwa na bila fedha nyingi.

Kwa nini shavu huvilia

Gego la mwisho, hasa la taya la chini, mara nyingi hulala ndani ya mfupa. Ili kulitoa, daktari hupasua ufizi, hupunguza mfupa kidogo, na pengine hulikata jino vipandevipande. Mishipa midogo hupasuka, na damu isiyopata njia ya kutoka hupenya ndani ya nyama ya shavu. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Alama ya damu iliyovilia inaweza kuteremka hadi shingoni, kisha hufifia baada ya wiki moja au mbili.

Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba hutavilia kabisa. Kinachowezekana ni kupunguza damu inayovuja, na hilo hutegemea mkono wa daktari na uwezo wa damu yako kuganda. Mkono wa daktari hauko katika mamlaka yako. Damu yako unaweza kuiandaa ukiwa bado nyumbani.

Orodha ya unavyomeza

Muhumba ni mtaa wa komini ya Ibanda, upande wa Ziwa Kivu. Pale, kama ilivyo Bukavu nzima, mtu anayeumwa jino hupitia kwanza duka la dawa. Hununua vidonge vichache vya diklofenaki au ibuprofeni, bila karatasi ya daktari, na huendelea kuvimeza huku familia ikitafuta pesa za kung'olea. Anapofika kwenye kiti cha daktari, hakumbuki hata kuvitaja, kwa kuwa machoni pake hivyo si matibabu. Ni vya kutuliza tu.

Lakini dawa hizo hugusa chembe za damu zinazoziba mshipa uliopasuka. Aspirini huzilemaza kwa muda wote wa uhai wa chembe hizo, yaani siku 7 hadi 10. Athari ya ibuprofeni ni ya muda na kwa kawaida huisha baada ya siku moja hivi. Parasetamoli haina tabia hiyo, na ndiyo sababu madaktari wengi huipendekeza kwa maumivu ya siku za kungojea upasuaji, mradi kipimo kisizidishwe.

Jambo moja ni la hatari na lazima lisemwe wazi. Mzee anayekunywa aspirini kwa ajili ya moyo, au baada ya kupigwa na kiharusi, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Damu ya kinywani hubanwa kwa shashi na kushonwa ikakoma. Kiharusi kikishapiga, mara nyingi hakirudishwi nyuma. Miongozo mingi ya Ulaya siku hizi huwaruhusu wagonjwa wa namna hiyo kung'olewa jino huku wakiendelea na dawa yao. Anayekunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupimwa kwanza damu kuona inachukua muda gani kuganda. Daktari hawezi kupanga lolote kati ya haya kama hajaambiwa.

Ziko pia dawa za majani. Tangawizi na kitunguu saumu katika mboga havina neno, ila vikikolezwa katika chupa au vidonge, vinaweza kuongeza kutokwa damu. Nyumbani tumezoea kumficha daktari dawa ya mganga wa kienyeji kwa kuogopa kugombezwa. Ukali wa daktari utapita. Afadhali ukagombezwa ukiwa mzima kuliko kumwacha apasue bila kujua.

Maswali ya kwetu

Fomu ya Brussels imeandikwa kwa ajili ya watu wa Brussels, kwa hiyo haigusi mengi yanayotuhusu. Malaria, kwa mfano, hupunguza chembe za kuziba damu. Mtu aliyerudi juzi kutoka Uvira au uwanda wa Ruzizi akiwa na homa anahitaji kupimwa malaria kabla ya kufikiria jino. Homa ya ini aina ya B, ambayo ni ya kawaida Kongo, nayo ina uzito wake, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya protini za kugandisha damu. Presha ikiwa juu, damu huchelewa kukoma. Vipimo hivi ni vya maabara ya kawaida na mashine ya mkononi.

Kisha kuna swali ambalo familia ya Muhumba hulijibu vizuri kuliko mwenye fomu aliyeko peke yake ughaibuni: katika ukoo wetu, nani alitokwa damu kupita kiasi? Mtoto aliyetahiriwa damu ikakataa kukata, dada ambaye hedhi yake humlaza kitandani kila mwezi, shangazi aliyenusurika kwa kuongezewa damu alipojifungua. Magonjwa ya damu isiyoganda hurithiwa, na mara nyingi daftari la kliniki halina habari hizo. Mama anazo. Kumuuliza ni sehemu ya matibabu.

Arnika, nanasi na barafu

Ubelgiji, mtu akisikia unakwenda kung'olewa gego, atakushauri ununue arnika, dawa ya mmea. Inauzwa katika kila famasia, kwa namna ya jeli na ya punje. Majaribio yaliyofanywa yametoa majibu yanayopingana, kwa hiyo sioni sababu ya kumtumia mtu wa nyumbani jeli ya bei kubwa. Nanasi nalo lina sifa kwa ajili ya dutu yake iitwayo bromelaini. Baadhi ya majaribio yameona uvimbe ukipungua, lakini yalitumia vidonge vilivyokolezwa, na dutu hiyo hujaa zaidi katika shina kuliko katika nyama ya tunda. Nanasi la sokoni Kadutu liliwe kwa utamu wake kabla ya siku yenyewe. Baadaye litawasha kidonda.

Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi dhidi ya uvimbe ni deksamethasoni, ambayo wapasuaji wengi hutoa dozi moja kabla ya kuanza kazi. Ni dawa ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Hata hivyo hupandisha sukari na inaweza kuficha maambukizi, kwa hiyo aitoe anayepasua, si jirani.

Barafu huwekwa juu ya shavu, ikiwa imefungwa kitambaani, dakika 20 kwa dakika 20 za kupumzika, siku ya kwanza na ya pili. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika na friji ikazima, kitambaa cha maji baridi kinachobadilishwa mara kwa mara kinatuliza pia. Kulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili hakuhitaji umeme. Kuacha bia ya Primus na kasiksi, pombe ya ndizi, siku chache kabla na baada hakuna gharama, na kufyonza kwa mrija kuepukwe, maana kunaweza kung'oa damu iliyoganda shimoni.

Vijikaratasi vya Ulaya huonya kwamba shavu litakuwa la buluu, kisha kijani, kisha njano. Hizo ni rangi za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu alama huonekana kama weusi uliokolea, na pengine haionekani kabisa. Tumia vidole: tafuta ugumu, joto na maumivu yanayoongezeka. Uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu, homa, au shida ya kumeza au kupumua ni sababu ya kurudi kwa daktari mara moja.

Kila upande na upungufu wake

Kwetu madaktari wa meno ni wachache mno. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha takriban daktari 0.33 kwa kila watu 10,000 katika kanda ya Afrika, kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Daktari mwenye foleni ndefu hana muda wa kuuliza maswali yote. Kwa hiyo mgonjwa aende na majibu tayari, yameandikwa.

Brussels kinachokosekana ni watu. Ukipewa usingizi, hospitali haikuachi utoke peke yako, na nawajua wenzetu waliohangaika kupata wa kuwasindikiza siku ya kazi. Muhumba, kaka au dada mkubwa atakuja, jirani atakuja, uji utapikwa kabla hujaomba. Utajiri huo tuupe kazi: mmoja aingie na mgonjwa na kusikia maagizo, mwingine ashike saa za dawa.

Sisi wa ughaibuni tuna desturi ya kupiga simu baada ya tukio, kusema pole na kutuma pesa. Nawaomba tupige wiki moja kabla. Tuulize kwa upole: Mama, unakunywa dawa gani, zote, hata zile za majani? Una homa? Umepima presha? Tuandike majibu na kuyatuma kwa atakayemsindikiza. Simu hiyo ndiyo fomu yetu, na inamfikia mgonjwa wakati bado inaweza kubadilisha kitu.