Boti ya Kuvutwa na Watu Wawili

Kuna maandishi ambayo hayaingii kwenye orodha zetu za vitabu bora, nami huyasoma kama wengine wanavyosoma riwaya za upelelezi: maelezo ya wabunifu wa boti ndogo. Mbunifu anakueleza kwa nini mlingoti unalazwa, kwa nini mkuku ni mfupi, kitanda kimekaa wapi, na katikati ya vipimo vyote hivyo unamwona mtu aliyekuwa akimfikiria. Hana pesa nyingi, hana gati, ana gari na siku kumi za likizo. Boti yake lazima ipande tela, ilale uani, na siku ya safari ishushwe majini bila kuita kijiji kizima.

Niipendayo zaidi ni Tiki 21 ya Mwingereza James Wharram. Ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti ya kukatisha, urefu wake mita 6.4, na mwaka 1982 ilishinda shindano la jarida la Kimarekani la kubuni boti ya kubebwa kwa tela. Ile miti haikukazwa kwa bolti. Imefungwa kwa kamba, ili kila upande ucheze kidogo na wimbi badala ya kupasuka. Rory McDougall aliizunguka dunia na boti ya aina hiyo kati ya 1991 na 1997.

Nilimwonyesha picha mjomba wangu wa Miburani. Aliangalia zile kamba tu, akairudisha simu. "Huyu kafunga vizuri. Lakini mtumbwi wa pili wa nini?"

Swali la haki kabisa. Ngalawa ina mtumbwi mmoja, uliochongwa kwa tezo kutoka kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe. Ni mwembamba kiasi kwamba ukikaa ndani magoti yanakaribia kugusa pande zote mbili. Upandishie tanga hivyo hivyo, unapinduka hujamaliza bismillahi. Kinachouokoa ni miti miwili inayokatisha juu yake na ubao mwishoni mwa kila upande, yaani ndubi. Mgeni hudhani ubao ule unaelea kama boya. Sivyo. Umelazwa mshazari, na ngalawa inapokwenda, maji yanapita chini yake na kuusukuma juu. Kadiri unavyokimbia ndivyo unavyotulia. Ukisimama, basi waliomo ndani ndio wenye kazi ya kukaa sawa, na ndiyo maana mjomba hawezi kumvumilia mtu anayesimama ovyo chomboni. (Madagascar wana ndubi upande mmoja tu; wataalamu wengi huuhusisha ufundi huu na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Mjomba anasema ni wa babu yake. Sikubishana.)

Na tela? Tela letu ni magogo ya mnazi na watu. Hapa Mafia, siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo chombo kilichoachwa vibaya ama kinashinda kwenye tope nusu siku ama kinaondoka bila mwenyewe. Lazima kivutwe. Wabunifu niliowasoma wanaandika uzito wa boti kwa kilo, kwa sababu gari lina kikomo chake. Mjomba anauhesabu kwa migongo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotukalisha kitako mwaka huu. Ngalawa yake ya zamani imeoza chini, ukiibonyeza kwa kidole unaingia. Ana miaka 67. Mwanawe mkubwa yuko Dar anaendesha bodaboda, wa pili naye kamfuata. Aliyebaki ni mjukuu wa miaka 14, ambaye asubuhi yuko shule. Sisi tulio mjini tukakubaliana kuchanga. Kaka yangu alitaka boti ya faiba na mashine, akaeleza kwa mifano, tena vizuri. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza petroli ya kila siku itatoka mfuko wa nani. Mazungumzo ya faiba yakaishia hapo.

Mwembe ukapatikana. Si jambo dogo, maana miembe minene siku hizi ni ya kutafutwa, na mingi ina wenyewe wanaotaka maembe. Gogo lilitoa dhiraa 12, kama mita tano na nusu, na fundi alikuwa amekwisha kuliona lote kama chombo. Mjomba akataka dhiraa 10.

Fundi alikasirika hasa. Akasema dhiraa 10 ni kitu cha kuvulia ngisi karibu na pwani. Haibebi jarife na watu wanne, haiwezi kubisha kusi likivuma, ni kuharibu mti wa watu.

"Watu wanne wako wapi?" mjomba akauliza.

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na daftari langu la uandishi, nimekwisha kuandika urefu: 12. Wharram alipochora aliianzia bahari, mawimbi gani, umbali gani. Mjomba alianzia mchangani, mzee mmoja na mtoto mmoja, maji yanakupwa, wanavuta. Vilivyobaki, hata bahari atakayoiacha, vilifuata kutoka hapo. Nadhani alikuwa mbunifu mkali kuliko wote niliowasoma, ila sikumwambia. Nilijua pia kwamba hatavuka tena mwamba wa nje alikokuwa akienda na baba yangu.

"Lakini mjomba, tukikutafutia vijana wa kukusaidia?"

"Kila siku, mwanangu?"

Fundi akachukua mkaa, akapiga mstari kwenye gogo. Akaomba kile kipande cha dhiraa mbili kiwe chake, kitamtolea kinu.