Kawia Ufike: Barabara ya Nakivale Wakati wa Korona

Mwezi huu hatuwapeleki mbali. Tutatembea hapa hapa kwetu, kutoka Mbarara mpaka ziwani Nakivale, njia ambayo wengi wenu mnaijua kwa miguu na kwa pikipiki. Lakini tutaitembea tukiikumbuka miaka ya korona. Wako ndugu wengi waliofika hapa Uganda baada ya vita ya M23 kuwaka tena mwaka 2022, na kuna swali lao tunalisikia mara kwa mara: "Mbona shuleni kwenu vijana wakubwa namna hii walikutwa wamekaa na watoto wadogo?" Jibu lake liko njiani. Basi twende.

Kutoka Mbarara unashika lami ya kwenda Kikagati, kwenye mpaka wa Tanzania. Milima ya huku na huku imejaa migomba, maana Isingiro ni nchi ya ndizi, na malori yanapakia matoke kupeleka Kampala. Ukifika Kabingo unaacha lami unaingia vumbi. Migomba inapungua. Unaanza kuona miti ya miiba na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, halafu nyumba za udongo, nyingine za bati, nyingine bado za turubai. Hapo umeshaingia kwetu.

Nakivale si kambi ya juzi. Wakimbizi wa kwanza, Wanyarwanda, walipokelewa mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na pembeni yetu wenyeji, Wanyankole. Hapa hakuna ukuta wala seng'enge ya kuzunguka. Kwa miaka mingi mkimbizi amekuwa akipewa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima. Sokoni kila mtu anakuja na Kiswahili chake, mmoja anasema sombe, mwingine kisamvu, na wote wanaelewana bei.

Na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya vijiji vyetu: kununua na kuuza. Mahindi na maharage yanatoka mashambani, samaki wanatoka ziwani, ndizi zinashuka kutoka vilimani kwa wenyeji. Sabuni, chumvi, mafuta, vitenge na dawa vinakuja kutoka Mbarara. Boda boda ndiye anayeshona vyote pamoja. Ukimtoa boda boda, nguo yote inafumuka.

Mwaka 2020 boda boda alitolewa.

Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imeenea dunia nzima. Uganda haikungoja. Tarehe 18 Machi mikusanyiko ilikatazwa: ibada, harusi kubwa na mikutano. Tarehe 20 Machi shule zote zilifungwa, na wakati huo nchi ilikuwa bado haijampata mgonjwa hata mmoja. Wa kwanza alithibitishwa tarehe 21 Machi, msafiri aliyeshuka Entebbe akitoka Dubai. Siku chache baadaye magari ya abiria yalisimamishwa, na tarehe 30 Machi ikaja amri ya kukaa nyumbani, na kafyu kuanzia saa moja jioni. Pikipiki iliruhusiwa kubeba mzigo tu, mtu hapana.

Mjini watu waliona maduka yamefungwa. Huku kijijini tuliona kitu kingine: kimya. Barabara ya vumbi haikutoa vumbi. Mbuzi walilala katikati ya njia saa sita mchana. Mama aliyezoea kupanda boda na kikapu cha nyanya aliweka kikapu kichwani akatembea. Baiskeli za zamani zilizokuwa zimetundikwa ukutani zilishushwa, zikatiwa mafuta, zikaanza tena kubeba mikungu ya ndizi.

Shida kubwa ilikuwa wagonjwa. Mwanzoni, kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari ilibidi upate ruhusa ya mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais. Sasa fikiri mwenyewe: mama ameshikwa na uchungu usiku, kafyu iko, makao ya wilaya yako mbali, utapata wapi ruhusa? Mwezi wa Aprili serikali ilisema wajawazito wasingojee tena karatasi hiyo. Lakini kusema ni kitu kimoja, na kupata gari kijijini usiku ni kitu kingine. Malaria nayo haikujua kwamba kuna korona. Iliendelea kuua kama kawaida yake, na mtu mwenye homa aliogopa kwenda zahanati asije akaambiwa ana ule ugonjwa mpya.

Tuliambiwa tunawe mikono kila mara. Ni shauri zuri, na tulilifuata. Mbele ya nyumba nyingi ilining'inizwa jerikani ndogo iliyotobolewa, imefungwa kamba kwenye vijiti viwili. Unakanyaga kijiti cha chini, jerikani inainama, maji yanachirizika, na mkono wako haugusi kitu. Tanzania wanaita kibuyu chirizi. Ni kazi ya nusu saa, haina gharama, na inazuia kipindupindu na kuhara pia. Nyumba nyingi mtindo huo uliondoka pamoja na dharura ya korona. Ni hasara, ungerudi.

Kusalimiana ndiko kulikotuumiza moyo. Mnyankole akikutana na mtu wake humkumbatia, na salamu zake ni ndefu. Mkongo bila kushikana mkono anaona hujamsalimu. Basi tukagusana viwiko tukicheka, lakini kicheko hakikufika ndani. Na matanga! Kumzika mtu na watu wachache, bila kulala msibani, bila kuimba usiku kucha. Kwetu aliyefiwa haachwi peke yake. Wakati ule aliachwa, na aliyemwacha alifanya hivyo kwa kumpenda, ili asimletee ugonjwa.

Isingiro iko mpakani, basi karantini yake ilikuwa ndefu kuliko ya wengine. Nchi ilipoanza kufunguliwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2020, wilaya za mpakani ziliambiwa zingoje bado. Boda boda waliruhusiwa kubeba abiria mwishoni mwa Julai. Nyumba za ibada zilifunguliwa Septemba, kwa watu wasiozidi 70 kwa mara moja.

Katika kungoja huko, kila mmoja alijua jirani yake ni nani. Mahindi yetu hayakupata lori la kuyachukua, na ndizi za wenyeji nazo zilikosa mnunuzi. Ndipo watu wakaanza kubadilishana kama zamani: mkungu wa ndizi kwa debe la mahindi, maharage kwa samaki, siku ya kulima kwa chakula cha jioni. Wenyeji na wakimbizi huwa tunagombana juu ya mipaka ya mashamba na ng'ombe wanaoingia kwenye mazao, tusifichane. Lakini mwaka ule njia za miguu kati ya vilima na makazi hazikuota majani.

Na njaa ilikuwepo. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza posho ya wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Aliyekuwa anapokea shilingi 31,000 kwa kichwa kwa mwezi alibaki na 22,000. Februari 2021 ilipunguzwa tena, ikafika asilimia 60 ya ile ya mwanzo. Yaani wakati ule ule ambapo kibarua kilikosekana, sahani nayo ikawa ndogo.

Sasa tumekaribia jibu la lile swali.

Sahani ikiwa ndogo na shule imefungwa, mtoto hakai bure. Akina kaka walikwenda kuvua samaki, kuchunga ng'ombe, kufyatua matofali, kubeba mizigo. Akina dada walikwenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, wengine waliolewa wakiwa wadogo, wengine walipata mimba kwa watu waliowapa sabuni au nauli. Tunaliandika waziwazi kwa sababu kila mzazi hapa analijua. Masomo yalitolewa redioni na karatasi za mazoezi zilichapwa, lakini redio inataka betri, karatasi hazikutosha, na mzazi aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura atamfundishaje mwanawe hesabu kwa Kiingereza? Hata walimu wa shule za binafsi walikosa mshahara. Walilima, walikaanga chapati, na wengine hawakurudi darasani tena.

Oktoba 2020 waliitwa wale wa mitihani tu: darasa la saba, na sekondari kidato cha nne na cha sita. Kuanzia Machi 2021 madarasa mengine yalirudi kwa zamu. Kabla zamu haijaisha, tarehe 7 Juni 2021 shule zilifungwa tena. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Hesabu mwenyewe: karibu miezi 22. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu hivyo, na wanafunzi walioguswa walikuwa karibu milioni 15. Mtoto aliyeondoka na miaka 12 alirudi na miaka 14, na Kiingereza chake kimebaki njiani. Watoto walipandishwa darasa moja kwa moja bila mtihani, kwa hiyo wako waliopanda juu huku chini hakuna msingi, na wako ambao baadaye walirudi nyuma wenyewe ili waelewe. Wengine walikaa nyumbani mwaka mzima zaidi wakiona aibu, halafu wakapiga moyo konde wakarudi.

Hao ndio wale vijana wakubwa, ndugu zetu wapya. Si wajinga, na si watoro. Ni watoto waliolipa deni la barabara iliyofungwa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hali ya dharura ya korona imekwisha. Barabara imefunguka, boda wanapiga honi, vumbi limerudi. Ukishuka mpaka ziwani asubuhi utawakuta wavuvi wanauza ngege, na akina mama wanapimana bei kama zamani. Ukipita haraka utasema hakuna kilichotokea. Lakini tazama vizuri ni nani anayepakua mitumbwi saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu. Baadhi yao walishika kazi hiyo mwaka 2020 wakiwa na miaka kumi, na shule haikuwaona tena.

Basi wazazi, tuna neno moja. Dharura ya ugonjwa imekwisha. Mtoto aliyeacha shule harudi mwenyewe, lazima mtu amshike mkono. Kama una kijana nyumbani unayesema amekuwa mkubwa mno, nenda naye kwa mwalimu mkuu, zungumzeni. Kama binti yako amezaa, usimfungie: mwaka 2022 serikali ya Uganda ilitaka shule ziwapokee wasichana wajawazito na wanaonyonyesha, kwa hiyo bibi abaki na mjukuu, binti abebe daftari. Kama hesabu na Kiingereza vimemshinda kabisa, kuna ufundi wa cherehani, useremala na uashi, nao ni shule. Na nyinyi mliofika kwa vita, watoto wenu pia wamepoteza miaka barabarani. Waketini pamoja na hawa wetu. Hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Na ninyi wanafunzi wadogo, mkimwona kaka mwenye ndevu amekaa dawati la nyuma, msogezeeni kitabu. Wazee wetu walisema, kawia ufike.

Amani iwe katika nyumba zenu zote. Tukutane mwezi ujao.