Shauri, Hukumu na Amri: Ulaya Mbele ya Vita vya Mashariki mwa Kongo



Katika somo la maadili tunafundishwa kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anayataja kwa mpangilio: shauri, yaani kutafuta na kupima njia zilizopo, hukumu, yaani kukata neno ni njia ipi iliyo sahihi, na amri, yaani kuagiza lile lililoamuliwa lifanyike. Kisha anasema kwamba tendo la tatu ndilo kubwa. Anayejua jema, akalikubali, halafu akaishia hapo, bado hana busara iliyokamilika. Sisi mafrateri wa falsafa tulipolisikia fundisho hili mara ya kwanza, tuliliandika kwenye daftari kwa ajili ya mtihani. Mwaka 2025 tulilazimika kulifikiria nje ya mtihani.

Katika nyumba yetu tumo vijana wa nchi mbalimbali za Maziwa Makuu, na mmoja wa darasa letu kwao ni Bukavu. Mwishoni mwa Januari mwaka huo waasi wa M23 waliingia Goma. Tarehe 14 Februari waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na baada ya siku mbili walikuwa ndani ya Bukavu. Jioni, baada ya chakula, mwenzetu alikuwa akitoka nje na simu kwa ruhusa ya walezi, na aliporudi hatukuhitaji kumuuliza habari. Baba yake ni mwalimu. Benki zilikuwa zimefungwa, hivyo hata mshahara ungetumwa usingekuwa na mahali pa kuchukuliwa. Wadogo zake walikaa ndani. Sala zetu za kuombea amani, ambazo zamani tulizisali kwa jumla, sasa zilikuwa na majina ya watu.

Ndipo tulipoanza kufuatilia habari za Brussels kwa bidii ambayo kwa kawaida tunaitunza kwa Simba na Yanga.

Kwa nini Brussels? Kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa na uzito katika jambo hili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameeleza katika taarifa zao kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23. Rwanda inakana, na inasema inajilinda dhidi ya kundi la FDLR, ambalo chimbuko lake linahusisha watu walioshiriki mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Na Ulaya ilikuwa na uhusiano wa karibu na Rwanda. Februari 2024 pande hizo mbili zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu madini ya kimkakati. Novemba 2024 Ulaya ilitenga tena euro milioni 20 kwa ajili ya askari wa Rwanda walioko Cabo Delgado, Msumbiji, ambako wanapambana na magaidi katika eneo lenye mradi mkubwa wa gesi wa kampuni ya Kifaransa. Mwenye uhusiano wa namna hiyo, neno lake linasikilizwa. Swali lilikuwa kama angelisema, na kwa wakati gani.

Kwa upande wa shauri, Ulaya haikupungukiwa kitu. Taarifa zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, vikao vilifanyika. Hukumu nayo ilitolewa: tarehe 13 Februari 2025 Bunge la Ulaya lilipiga kura kwa wingi mkubwa kutaka ile hati ya madini isimamishwe. Lakini Bunge halina mamlaka ya kuweka vikwazo. Mamlaka hayo yamo katika Baraza la mawaziri, na huko, katika mambo ya nje, nchi zote 27 hupaswa kukubaliana. Mawaziri walikutana tarehe 24 Februari. Vikwazo vilikuwa mezani, lakini Luxembourg ilitaka kwanza juhudi za amani za Waafrika wenyewe zipewe nafasi. Ikatangazwa kwamba hati ya madini itapitiwa upya na mashauriano ya ulinzi na Rwanda yatasitishwa. Vikwazo vyenyewe vilipitishwa tarehe 17 Machi, dhidi ya watu tisa na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu mjini Kigali. Tangu Goma ianguke zilikuwa zimepita wiki saba.

Siku hiyo hiyo Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji, na M23 ikatangaza kwamba haitakwenda kwenye mazungumzo yaliyopangwa Luanda kesho yake, ikitaja vikwazo hivyo kuwa sababu. Kesho yake marais wa Kongo na Rwanda walikutana, ila walikutana Doha, kwa mwaliko wa Amiri wa Qatar. Mwezi Juni mawaziri wao wa mambo ya nje walitia saini makubaliano mjini Washington. Ulaya, ambayo mmoja wa wanachama wake ndiye aliyezitawala nchi hizo mbili kama mkoloni, ilikuwa mtazamaji.

Tulijadiliana sana juu ya hili, na hatukukubaliana mara moja. Baadhi yetu walisema kosa ni ile kanuni ya kauli moja. Walitoa mfano wa tarehe 14 Desemba 2023, viongozi wa Ulaya walipokuwa wakiamua kuanza mazungumzo ya kuipokea Ukraine. Waziri Mkuu wa Hungary, Viktor Orbán, alikuwa akipinga. Ikabidi atoke chumbani ili wale 26 waliobaki wakubaliane bila yeye. Usiku huo huo alizuia msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine, na haukupita hadi tarehe 1 Februari 2024. Mwaka 2020 Cyprus, nchi ndogo ya kisiwani, ilichelewesha vikwazo dhidi ya watawala wa Belarus kwa sababu ilitaka kwanza Ulaya iikemee Uturuki. Mwenzetu mmoja anayependa historia alikumbusha habari za Poland ya kale, ambako tangu mwaka 1652 mbunge mmoja aliweza kuvunja kikao kizima kwa kusema hakubali. Waliuita uhuru. Kufikia mwaka 1795 majirani watatu walikuwa wamekwisha kuigawana nchi hiyo yote.

Wengine wetu walitetea kanuni hiyo, na hoja yao haikuwa nyepesi. Luxembourg haifiki watu milioni moja; Ujerumani ina zaidi ya milioni 80. Pasipo kauli moja, wakubwa wataamua na wadogo wataburuzwa, hata vitani. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanatuambia juu ya kanuni ya auni: kile ambacho mdogo anaweza kukifanya, mkubwa asimnyang'anye. Tena, waliuliza, je, kile kilichotokea Machi 17 hakionyeshi kwamba Luxembourg ilikuwa na sababu? Vikwazo vilipotoka, mazungumzo ya Luanda yalivunjika. Haraka nayo si busara. Mwaka 2011 Ufaransa na Uingereza ziliharakisha kuingia Libya wakati Ujerumani ilijizuia kupiga kura katika Baraza la Usalama, na Walibya hadi leo hawajapata nchi tulivu.

Mwalimu wetu alitusikiliza, kisha akaturudisha kwa Aristotle. Yeye anataja msemo wa watu wa zamani kwamba shauri lifanywe polepole, lakini likishakamilika, utendaji uwe wa haraka. Kuchelewa kwenye shauri ni haki ya mtu mwenye busara, kwa sababu mambo ya binadamu hayana uhakika. Kuchelewa baada ya hukumu ni jambo jingine kabisa. Hapo mtu hatafuti tena ukweli; anatafuta namna ya kutolipa gharama yake.

Kwa kipimo hicho tulianza kuona vizuri zaidi. Kama Ulaya ingesema, "Bado hatujajua ni nani anayeisaidia M23," hilo lingekuwa shauri, na tungelingoja. Lakini ilishatamka waziwazi kwamba majeshi ya Rwanda yaondoke Kongo. Hukumu ilikwisha kutoka. Kilichobaki ni gharama: madini ambayo viwanda vya Ulaya vinayahitaji kwa simu na magari ya umeme, askari wanaolinda eneo la gesi Cabo Delgado, na urafiki ambao kila nchi kati ya zile 27 unao au haunao na Kigali. Kauli moja haikuleta woga huo. Iliupa tu mahali pa kujificha, kwa sababu mmoja akisema "tungoje", wengi waliotaka kungoja hawahitaji kusema kitu.

Mfano wa kuonyesha kwamba tatizo si kanuni peke yake uko katika ardhi ile ile ya Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 2003 nchi za Ulaya zilikuwa zimegawanyika vibaya juu ya vita vya Iraki, wakati wengi wetu tulikuwa watoto wa miaka mitatu. Hata hivyo, mwezi Juni mwaka huo, watu walipokuwa wakiuawa Bunia, huko Ituri, Umoja wa Ulaya ulituma kikosi kikiongozwa na Ufaransa, kwa idhini ya Umoja wa Mataifa. Operesheni hiyo iliitwa Artemis, na ilikuwa ya kwanza ya kijeshi ambayo Umoja huo ulifanya nje ya Ulaya bila kutegemea NATO. Ilidumu miezi mitatu tu, katika mji mmoja tu, na nje ya mji mauaji yaliendelea. Lakini mji ule ulipata nafuu. Kauli moja ilihitajika wakati huo pia, na ilipatikana.

Na upo mfano wa upande wa pili, ambao mwenzetu wa Bukavu anaujua tangu utotoni. Mwaka 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliiomba dunia mara kwa mara iwaangalie wakimbizi na wananchi wa jimbo lake kabla vita havijawafikia. Aliuawa katika mitaa ya Bukavu tarehe 29 Oktoba. Katikati ya Novemba Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha mataifa mengi kikiongozwa na Kanada. Shauri lilikuwepo, hukumu ilikuwepo, azimio lilikuwa na namba. Kikosi hakikupelekwa kufanya kazi yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linatuuma na kututia matumaini kwa pamoja. Umoja wa Ulaya ulianza na madini. Tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, Mkatoliki ambaye Baba Mtakatifu Fransisko alimtambua kuwa Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu mwaka 2021, alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha pua cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka ya pamoja. Alijua kwamba mizinga hutengenezwa kwa chuma, na kwamba ukivisimamia vitu hivyo kwa pamoja, vita vinakosa malighafi. Kwa hiyo Ulaya ndiyo yenye uzoefu wa kuigeuza mali ya vita kuwa mali ya amani. Tangu Januari 2021 ina hata sheria inayowataka waagizaji wa bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wachunguze chimbuko la madini yao. Mgodi wa Rubaya, wenye koltani nyingi, uliangukia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Sheria ipo na mgodi unajulikana. Tunarudi pale pale, kwenye tendo la tatu.

Tukiwa tunayasema haya, haki inatudai tujitazame na sisi. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuagiza vita visimamishwe mara moja. Wiki moja baadaye Bukavu ilianguka. Kwa hiyo ugonjwa wa kukata neno bila kulitekeleza hauna rangi ya ngozi. Siku moja, Mungu akipenda, tutasimama mimbarini mbele ya watu waliopoteza ndugu zao katika vita hivi, na itakuwa rahisi sana kusema "Wazungu wametutupa" na kupigiwa makofi. Tutakuwa tumesema nusu ya ukweli, na waamini wetu watakwenda nyumbani bila kujua cha kufanya.

Tunafikiri kazi yetu ni kuwafundisha watu kuuliza maswali ya tendo la tatu. Wakubwa wakitoa tamko, tuulize: ni nani ameagizwa, afanye nini, kufikia lini, na gharama italipwa na nani? Maswali hayo yanaifaa Brussels, yanaifaa Dar es Salaam, na yanaifaa kamati ya parokia iliyokwisha kukubaliana mara tatu kuwasaidia wakimbizi walioko jirani. Nasi katika darasa letu tumeshaanza kwa kidogo tulicho nacho: walezi wametukubalia mchango wetu wa Kwaresima upelekwe kwa familia zilizokimbia kutoka Kivu, na tumeweka jina la atakayeupeleka pamoja na tarehe.

Maria, Malkia wa Amani, awaombee watu wa Goma na Bukavu, na awaombee pia wale wanaoketi mezani kwa niaba yao.